Maboksi Ishirini na Manne ya Kilolo

Siku tulipomzika Mzee Mwasomola nilicheka msibani, na sina cha kujitetea. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa anasoma wasifu wa marehemu: alivyoingia forodha akiwa kijana, alivyokaa Mbeya miaka mingi akiwa mkuu wa ofisi, alivyostaafu bila doa. Halafu akainua macho kutoka kwenye karatasi, akasema kwa huzuni, "Wote tuliomfahamu tunajua, marehemu hakuwa mtu wa mchezo." Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, na pembeni yangu alikaa Masunga, aliyekuwa mtunza ghala wetu zamani hizo na sasa ni babu mwenye fimbo na meno ya kuhesabu. Masunga akaniangalia. Asingeniangalia ningevumilia. Nikafunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na mama mmoja nyuma yangu, Mungu ambariki, akanipapasa mgongo akidhani nimezidiwa na uchungu. Uchungu nilikuwa nao kweli. Lakini marehemu huyo huyo nilishamwona kwa macho yangu amelala chali juu ya magunia, kichwa kimefungwa bendeji ya kitoto, mpishi wetu akimsikiliza mapigo ya moyo kwa kipimo cha plastiki. Hiyo ilikuwa mwaka 1976, mwaka wangu wa kwanza kazini, na nusura uwe wa mwisho.

Nilikuwa nimetoka Iringa na kupanga chumba Mwanjelwa, mjini Mbeya, katika nyumba iliyopigwa lipu upande wa barabarani tu, pande nyingine tatu zikabaki na tofali zake. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mchina, sufuria mbili na msumari mmoja wa kutundikia gauni la kazini. Ukuta wa kunitenga na majirani haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila jioni nikipika nilisikia ndoa ya watu bila kulipa kiingilio. Mume alishikilia kwamba viazi humenywa kabla ya kuchemshwa. Mke alishikilia kwamba anayemenya kiazi kibichi anatupa nusu ya chakula jalalani. Walibishana hivyo mwezi mzima bila hata mmoja kuchoka, na nakiri kwamba nilipokuwa peke yangu na sufuria yangu, baridi ya Juni ikipenya chini ya mlango, sauti zao zilinipa joto. Siku hizi nina nyumba yenye kuta zinazofika juu, na sijui jirani yangu anakula nini.

Ofisi yetu ilikuwa na vyumba vitatu na ghala moja la mabati, kando ya barabara iendayo Tunduma. Malori yaliyotoka Zambia yalifika kwetu yamefungwa lakiri, tukayafungua, tukakagua mizigo, tukaamua kila kitu ni nini kwa mujibu wa kitabu cha ushuru. Watu wengi wanadhani kazi ya forodha ni kuwapekua watu mifukoni. Kazi yenyewe hasa ni kuvipa vitu majina. Kitabu kile kilikuwa kinene kuliko Biblia ya mimbarini, na duniani mlikuwa hamna kitu kisichokuwa na sura yake mle ndani: farasi hai, nywele za binadamu, kengele, mitumbwi, chaki. Ukikiweka kitu kwenye sura isiyo yake, basi kibali chake kinakuwa si chake, na mwenye mzigo anarudi kwao mikono mitupu. Mzee Mwasomola alikijua kitabu hicho kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani kwao. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mkavu, anayevaa sweta la kijivu ndani ya koti mwaka mzima, na hakuwa na maneno mengi.

Mafundisho yake aliyatoa saa nne, wakati wa chai. Mama Ntimi, mpishi wetu, alileta birika la chai ya maziwa na sinia la maandazi, na kabla sijagusa andazi, mzee alikuwa ameshaokota kitu mezani. "Ndugu Kikoti, hiki nini?" Wakati ule wote tulikuwa ndugu, hata bosi na karani wake. "Kijiko, mzee." "Sikukuuliza jina lake la nyumbani. Kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani, kinaingia sura gani?" Nikijibu sawa alisogeza sinia upande wangu. Nikikosea alisogeza kwa Masunga, ambaye kwa sababu hiyo aliniombea makosa kila siku na hakuficha. "Mzee, na andazi lenyewe je?" Masunga aliuliza siku moja. "Andazi halikuvuka mpaka," mzee akajibu bila kucheka, akaling'ata. Basi nikaanza kuona dunia yote hivyo. Kanisani niliipanga kwaya: hariri bandia, pamba, viatu vya ngozi, viatu vya mpira. Nilijiona nimeiva.

Tena nilihitaji kuiva. Nilikuwa katika kipindi cha majaribio, na fomu ya kunithibitisha kazini ilikuwa kwenye droo ya mzee, upande wa kulia, ikingoja sahihi yake mwishoni mwa Juni. Karani aliyenitangulia hakuthibitishwa. Alirudishwa kwao na virago vyake, na gauni lake la kazini ndilo nililopewa mimi, likiwa bado na jina lake kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Kila asubuhi nilipolivaa nilikutana na jina lile.

Katikati ya Juni lori likaleta kreti kubwa la mbao. Ilikuwa zawadi ya kanisa moja la ng'ambo, iliyopitia kwa rafiki zao wa Zambia, ikielekea shule ya chekechea ya Walutheri huko Kilolo. Kibali kilisema wazi: seti za kuchezea watoto, maboksi ishirini na manne. Mzee alikuwa amekwenda Tunduma kikazi, angerudi Jumanne. Nikasema moyoni, hii ndiyo nafasi yangu. Mzee akirudi akute mzigo umechambuliwa hadi msumari wa mwisho, fomu ataisaini amesimama.

Masunga alinionya. Yeye kwao ni Usangu, wazazi wake wakiwa Wasukuma waliohama na ng'ombe zao kufuata malisho, na alikuwa na tahadhari ya mtu aliyechunga tangu utoto. "Dada, haya mambo ya kufungua fungua, si tumsubiri mzee?" Nikamwambia alete patasi. Ndani ya kreti maboksi yalikuwa yamepangwa vizuri ajabu, na juu ya kila kifuniko kulikuwa na picha ile ile moja: watoto wawili wa kizungu wanacheka, wala haionyeshi wanachekea nini. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua pale. Nikafungua boksi la kwanza: visufuria na vikombe vya kauri. La pili: nyundo ndogo, msumeno, vigingi vya mbao. Mengine yalikuwa na ng'ombe wa plastiki na uzio wao, mengine vifaa vya daktari. Aina nne, kila aina maboksi sita. Na mimi, mwanafunzi hodari wa saa nne, nikajiuliza swali nililofundishwa: hiki kimetengenezwa kwa nini? Nikakata nyuzi zote zilizoshikilia vitu mle ndani. Chuma nikakiweka pembe hii ya ghala, mbao ile, kauri dirishani, nguo juu ya meza, plastiki mlangoni. Maboksi matupu nikayakunjua, nikayalaza kama magazeti, maana nayo ni karatasi na karatasi ina sura yake. Nilifanya kazi siku mbili. Nikajaza kurasa tisa kwa mwandiko ambao hadi leo sijaurudia kwa uzuri.

Mzee aliporudi Jumanne mchana, alisoma kurasa zote tisa akiwa amesimama mlangoni mwa ghala na vumbi la Tunduma mabegani. Nilisubiri sifa. Akavua miwani. "Ndugu Kikoti, kibali kinasema nini?" "Seti za kuchezea watoto, mzee." "Nionyeshe moja." Nikageuka kulia, nikageuka kushoto. Kulikuwa na chungu za chuma, mbao, kauri, nguo na plastiki, zimenyooka kabisa. Seti haikuwepo. Akaenda ofisini, akarudi na kitabu, akanisomea taratibu kanuni ambayo sikuwahi kuifikia kwa sababu iko mwanzoni, na mimi nilikuwa na haraka ya kufika kwenye sura. Vitu mbalimbali vikiwekwa pamoja katika boksi moja ili mtoto avichezee, vyote huhesabika kuwa kitu kimoja: kitu cha kuchezea. Nyundo ile si nyundo, na kikombe kile si kikombe. "Sasa umenipa nyundo," akasema. "Umenipa vyombo vya kauri. Hivyo vinataka vibali vyao, na hawa watu hawana, wala hawatapewa. Mwenye mzigo anakuja Alhamisi. Nikikosa seti za kumpa, mzigo huu hautoki hapa." Kisha akaongeza, kwa upole ulionikata maini kuliko ukali, "Na mimi sitakuwa na la kuandika kwenye fomu yako."

Nililia nyuma ya ghala. Nasema wazi kwa sababu vijana wa leo wanadhani sisi wazee tulizaliwa tunajua. Mama Ntimi alinikuta huko akiwa anamwaga majani ya chai. "Sasa unalilia nini, mwanangu, si mwanzo vilikuwa ndani ya boksi? Basi vitarudi ndani ya boksi. Kwani vimekufa?"

Jumatano tulianza alfajiri, na ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Vitu dhahiri vilirudi upesi. Nyundo ni za seremala, hilo halikuhitaji elimu. Lakini vijiko vidogo je, ni vya jikoni au vya kunyweshea dawa? Ndoo ni ya mpishi au ya mkamuaji? Kamba fupi zenye kitanzi ni za seremala kupimia, au za nini? Mikasi ni ya daktari au ya kukatia manyoya ya kondoo? Nikashika kamba moja nikaanza kusema, "Hii ni katani, kwa hiyo..." Mzee akanikatiza. "Acha katani. Mara hii tusiulize kimetengenezwa kwa nini. Tuulize mtoto angekifanyia nini." Halafu, baada ya kufikiri kidogo, akavua koti. "Na hilo hatuwezi kulijua tukiwa tumesimama."

Basi tukaketi chini. Masunga akachukua ng'ombe wa plastiki, mkubwa wa kutosha ngumi, akachuchumaa nyuma yake kwa heshima zote, akajaribu kamba. Kitanzi kikaingia sawasawa kwenye miguu ya nyuma. "Hii ya kumfunga ng'ombe asipige teke ukikamua," akasema. "Hata kwetu tunafunga hivi hivi. Huyo mzungu aliyetengeneza, anajua ng'ombe." Akaweka ndoo chini ya tumbo, ikaenea. Kamba na ndoo zikaenda kwa mfugaji. Mama Ntimi akapika ugali wa hewa kwenye kisufuria na kutangaza kwamba kijiko kile hakifiki chini bila kuunguza vidole. "Hiki kijiko cha dawa hiki! Anayebisha aje apike yeye." Mimi nikavaa aproni nyeupe nikagonga vigingi, na kila nilipopiga nyundo mifuko ikawa inanizuia mkono, hivyo aproni ikaenda jikoni. Kufikia saa nne hakuna aliyekumbuka chai. Tulibishana kwa sauti kama majirani zangu na viazi vyao, na nilimsikia Mzee Mwasomola akimwambia Masunga, kwa hasira kabisa, "Usiniharibie zizi!"

Yakabaki mapande ya kitambaa cheupe, membamba, marefu. Mama Ntimi alisema ni ya kufungia mtoto mdomo asichafuke anapokula. Mzee alisema ni bendeji. "Jaribuni," akasema, na akalala chali juu ya magunia ya mahindi, miguu imenyooka, viatu viking'aa. Mama Ntimi akamfunga kichwa mara tatu, kikatosha na fundo likapatikana. Kwa kuwa mgonjwa alishalala, akachukua na kipimo cha masikioni akamwekea kifuani juu ya sweta. "Ee taata, huu moyo unakimbia. Umekula nini?" "Sijala. Leo hukuleta chai," mzee akajibu, macho amefumba.

"Kamwene," sauti ikatusalimu kwa Kihehe mlangoni.

Alikuwa mama mmoja mnene kiasi, amejifunga shuka la bluu mabegani, kapu mkononi. Ndiye mwenye mzigo, Mwalimu Luhanga, mwalimu mkuu wa chekechea ya Kilolo, amepata lifti ya lori la mbao akafika siku moja kabla. Mimi nilikuwa magotini na nyundo. Masunga alikuwa anakamua. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, akamalizia na mtu aliyelala. "Samahani jamani. Nimeambiwa hapa ni forodha. Au nimeingia hospitali?" Mzee hakuinuka. Alifumbua jicho moja tu chini ya bendeji. "Ni forodha, mama. Karibu. Mzigo wako uko kwenye ukaguzi." Kisha akaketi, akaufungua utepe ule polepole, akaukunja vizuri na kuuweka kwenye boksi la daktari. "Karani wetu, Ndugu Kikoti, ameukagua kwa undani sana. Saa tisa utakuwa tayari." Nilimpenda mzee yule pale pale, nikaogopa kumtazama nisije nikalia tena.

Saa tisa maboksi ishirini na manne yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefungwa kwa uzi mpya niliouomba dukani, watoto wa kizungu wakicheka mara ishirini na nne. Mzee akachukua kurasa zangu tisa, akazipiga mstari mmoja wa penseli nyekundu kutoka kona hadi kona, na chini akaandika mstari mmoja tu: vitu vya kuchezea watoto. Nikamwangalia, nikaiangalia droo ya kulia. "Bado," akasema. "Kibali kinataka ripoti kwamba seti zimefika kama seti. Utazisindikiza hadi Kilolo mwenyewe. Uone, uandike ulichokiona. Fomu yako itasubiri ripoti hiyo."

Tuliondoka kesho yake na basi la Iringa, maboksi yakiwa chini ya viti vyetu na mengine mapajani, maana nilikataa yapakiwe juu. Pale Chimala basi lilisimama tukala wali mweupe wa Usangu na kuku wa kienyeji kwenye banda la mama mmoja, na hata pale nilikula nimekaa mkao wa kuchungulia dirisha la basi. Mwalimu Luhanga akanicheka. "Mwanangu, hayo maboksi ungeyazaa ungeyalinda hivyo?" Nikamweleza yote: chungu tano, kurasa tisa, fomu, karani aliyenitangulia. Alisikiliza huku anachokonoa mfupa. "Kumbe ndiyo maana mzee wa watu alifungwa bendeji," akasema, akacheka hadi mwenye banda akaja kuuliza kuna nini. Tulilala Iringa mjini kwa dada yake, tukala ugali wa moto na majani ya maboga, na asubuhi gari la misheni likatupandisha Kilolo katika ukungu mzito.

Shule ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri, mikeka miwili na ubao. Watoto zaidi ya thelathini walikaa wamekunja miguu, wamevaa masweta yaliyofumwa na mama zao, makamasi yakiwatoka kwa baridi. Nilipanga maboksi mbele yao kwa safu nne, aina kwa aina, nikafungua vifuniko, nikatoa daftari. Safu zilikuwa kamili. Nikaanza kuandika: "Seti zote ishirini na nne..." Mwalimu akasema neno moja kwa Kihehe. Basi. Kabla sijafika kwenye nukta, maboksi yalikuwa yamepinduliwa. Yote. Vitu vilimwagika mkekani chungu moja, ng'ombe juu ya visufuria, misumeno ndani ya vikombe, na watoto wakaingia katikati yake na mikono yote miwili. Nilipiga kelele, "Jamani, hapana!" Hakuna aliyegeuka. Kazi yetu ya Jumatano nzima, magunia na bendeji na uzio na yote, iliisha kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai.

Nilisimama na daftari langu, na kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hofu tupu. Nilikuwa nimetumwa kuona seti, na mbele yangu haikuwepo hata moja. Kisha nikatazama. Msichana mmoja alikuwa anampima ng'ombe mapigo ya moyo. Mwingine alimpikia dawa kwenye kisufuria na kuikoroga kwa msumeno. Mvulana alijenga hospitali kwa uzio wa zizi, akapiga vigingi kwa nyundo, na wagonjwa walikuwa vikombe sita vya kauri vimelazwa kwenye aproni, kila kimoja kimefunikwa vizuri. Mtoto mdogo kuliko wote alikuja akanishika mguu, akanifunga bendeji kwenye goti bila kuniomba ruhusa, akaniamuru kwa Kihehe niketi. Nikaketi. Nadhani nilikaa pale hadi wakati wa uji, na nilipigwa sindano mara nne.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya mzee na ripoti yangu. Ilikuwa mistari mitatu. "Maboksi ishirini na manne yamefika salama. Seti hazipo tena, watoto wamezichanganya zote. Vitu vyote vinachezewa." Aliisoma, akarudia kuisoma, uso wake mkavu vile vile. Nje nilimsikia Masunga akijifanya anafagia karibu na dirisha. Mzee akavuta droo ya kulia, akatoa fomu, akachovya kalamu, akasaini jina lake refu lote bila kuruka herufi. Akapuliza wino. Kisha akainua macho, na kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, akasema, "Na daktari alikuwa nani?"